Programu zinazosaka swichi za jeni na utafiti wa selimundu Muhimbili

PROGRAMU za kompyuta zinazosaka swichi za jeni ni zana zinazosoma mfuatano wa herufi za DNA na kuonyesha mahali ambapo protini maalumu huweza kujishikiza ili kuiwasha au kuizima jeni iliyo karibu. Herufi hizo ni nne tu, yaani A, C, G na T, lakini kwa binadamu mfuatano wake hufikia takriban bilioni tatu.

Nchini Tanzania, suala hilo lina uzito wa pekee Upanga, Wilaya ya Ilala, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, kilipo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Kuanzia mwaka 2004, wataalamu wa hapo walianza kuwafuatilia kwa karibu wagonjwa wa selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo nchini kila mwaka.

Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyo na kasoro ya selimundu. Baada ya kuzaliwa, jeni za himoglobini hiyo huzimwa taratibu, na wale ambao kwao hazizimiki sawasawa huugua kwa nafuu. Mzimaji mkuu ni protini iitwayo BCL11A, ambayo mwaka 2018 ilithibitishwa kuwa hushika kwenye herufi TGACCA, jirani kabisa na jeni hizo.

Hapo ndipo ugumu wa programu hizi unapoonekana. Neno la herufi sita huweza kutokea kwa bahati tu mara moja katika kila herufi 4,096. Katika herufi bilioni tatu hiyo ni zaidi ya mara 700,000, na uzi wa pili wa DNA ukisomwa pia, idadi hukaribia maradufu. Programu itayaonyesha yote bila hiyana, ilhali mengi hayana kazi yoyote.

Ili kupunguza makosa, programu nyingi hazitafuti neno moja lisilobadilika. Hutumia jedwali linaloonyesha kila herufi hupatikana mara ngapi katika kila nafasi ya swichi zinazojulikana, kisha hukipa alama kila kipande cha DNA. Kwa protini ya GATA1, kwa mfano, herufi GATA hazibadiliki kwa urahisi, bali zile za pembeni huvumilia tofauti.

Majedwali hayo huhifadhiwa katika hazina kama JASPAR, iliyoanza mwaka 2004 na ambayo hutumika bila malipo, jambo lisilo dogo kwa maabara zenye bajeti finyu. Programu ya MEME, iliyobuniwa mwaka 1994 na Timothy Bailey na Charles Elkan, hufanya kazi tofauti: hutafuta maneno yanayojirudia hata kama hakuna anayeyajua.

Hata hivyo, ushahidi wa kuchuja majibu hayo hutoka kwa wagonjwa na maabara. Mwaka 2014, Siana Nkya Mtatiro na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 1,200 wa Tanzania, uliothibitisha mchango wa eneo la BCL11A na lile lililo kati ya jeni HBS1L na MYB. Mwaka uliofuata walionyesha kuwa katika eneo hilo la pili, tofauti zinazohusika ziko kwenye sehemu zinazoongoza jeni ya MYB. Hazimo ndani ya jeni yenyewe, na kwa msomaji wa jeni pekee zingepita bila kuonekana.

Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023, hutumia maarifa ya aina hiyo. Huiharibu swichi ambamo GATA1 hushika ili kuiwasha BCL11A katika seli zinazozalisha chembe nyekundu za damu, na himoglobini ya utotoni hurejea. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.