Fundo la Maskauti

Kamba inayozunguka nembo ya maskauti wa dunia nzima imefungwa chini kwa fundo moja. Ni lile lile la kufungia bendeji: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Hulala bapa, halimchomi majeruhi, na ncha za kamba zikivutwa huzidi kukaza. Hakuna ishara ya umoja iliyo bora kuliko hii, maana kila mtoto anaweza kuifunga kwa mikono yake.

Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliishi hapa katika nyumba iitwayo Paxtu, kwenye uwanja wa Hoteli ya Outspan, kuanzia 1938 hadi alipofariki tarehe 8 Januari 1941. Katika beji ya skauti aliyoieleza kitabuni mwake mna pia kifundo cha uzi kinachoning'inia, kumkumbusha kijana atende jema kila siku.

Kaburi lake, lenye pia majivu ya mkewe Olave aliyefariki 1977, liko karibu, katika makaburi ya Mtakatifu Petro. Duara lenye nukta kwenye jiwe ni alama ya njiani ya maskauti: nimekwenda nyumbani. Ukifika, tafadhali usiliegemee jiwe hilo.