"Viva Riva!": filamu ya mafuta ya wizi, ikitazamwa tena toka Baraka

"Viva Riva!" ni filamu ya Kikongomani ya mwaka 2010, iliyoandikwa na kuongozwa na Djo Tunda wa Munga. Inachezwa kwa Lingala na Kifaransa, Kinshasa, na mambo mengi yanapita usiku. Mtu aliyeiona akiwa kijana anakumbuka zaidi masasi, pesa na wanawake. Akiirudilia leo akiwa Fizi ao Baraka, kitu kingine kinamshika: esanse.

Hadithi yenyewe

Riva (Patsha Bay) anarudi Kinshasa kisha miaka 10 Angola. Amekuja na mzigo wa esanse aliyoiba kwa bosi wake, Muangola Cesar (Hoji Fortuna). Mji umekauka, magari yamesimama, na bei inapanda kila siku. Riva hana haraka ya kuuza: anangoja ipande zaidi. Akingoja, anakula raha na rafiki yake J.M., baba mwenye mke na watoto. Anamfuata pia Nora (Manie Malone), mwanamke wa Azor, jambazi mkubwa wa mji. Cesar naye amevuka mpaka, anamtafuta.

Mpelelezi ni nani?

Kwa filamu za upelelezi tulizozoea, polisi ndiye anatafuta mwizi. Hapa mwizi anatafutwa na jambazi kumzidi. Mwanajeshi mmoja, mwanamke anayeitwa Commandante, anamsaidia Cesar bila kupenda, juu dada yake amekamatwa. Sare ya serikali anayo, lakini nguvu hana. Hiyo ndiyo giza ya filamu hii: hakuna hata mmoja wa kukimbilia.

Tuzo

Munga alisomea sinema Brussels, Ubelgiji. Alitoa filamu hii wakati kumbi nyingi za sinema za Kinshasa zilikuwa zimefungwa zamani, zingine zimegeuka makanisa. Mwaka 2011 ilipata tuzo 6 za African Movie Academy Awards, kati yao ya filamu bora na ya muongozaji bora. Mwaka huo huo MTV Movie Awards iliipa tuzo ya filamu bora ya Afrika.

Kuitazama toka kwetu

Mafuta ya Baraka na Fizi yanapita barabara ya taifa namba 5 toka Uvira, ao ziwani Tanganyika kwa mashua. Mvua ikikata daraja, ao usalama ukiharibika njiani, bidoni zinapungua haraka. Wamotari wanapandisha bei. Mashini ya kusaga mihogo inadai zaidi. Mama anayebeba mgonjwa kwenda hospitali analipa mara mbili, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kununua litre moja.

Hapo Riva anabadilika machoni. Mara ya kwanza alionekana kijana mjanja, aliyewashinda wakubwa. Mara ya pili anaonekana kwa jina lake la kweli: mtu aliyeficha mafuta wakati wenzake wanateseka, akihesabu faida. Watu wa namna hiyo tunawajua. Si lazima wawe na bunduki. Bidoni nne chini ya kitanda zinatosha. Na anayenunua kwao kesho atafanya vilevile, kama akipata nafasi.

Filamu ina kasoro. Wanawake wake wanaonyeshwa sana kama vitu vya kutamaniwa, na jambo hilo linaumiza zaidi kwa mara ya pili. Ngono na mauaji viko wazi, kwa hiyo si ya kuwekea watoto.

Lakini hesabu yake ni ya kweli. Karibu wote waliogusa mafuta yale wanakufa bila kuyafaidi, na Riva ni mmoja wao. Na wale waliosimama foleni na bidoni tupu tangu mwanzo? Filamu haiwapi hata majina.