Tungo za Dhiki na Michango Katika Njia ya Misafara ya Tabora

Historia ya Sikonge, wilaya ya misitu ya miombo, asali na nta iliyoko kusini mwa mji wa Tabora, imefungamana na ile njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo na pori kavu la Mgunda Mkali hadi Unyanyembe, kisha ikagawanyika, tawi moja likielekea Ujiji na jingine likishuka kusini-magharibi kupitia Ugunda na Ukonongo, ambako Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akikwepa vita vya mtemi Mirambo. Ushairi ulioimbwa katika njia hiyo ulikuwa na kazi ya kufanya, kwa kuwa msafara uliokosa maji au nafaka, au ulioingiliwa na ndui, ulitegemea sauti ya mtu mmoja kuwazuia wengine wasitupe mizigo na kutoroka. Mtu huyo aliitwa kirangozi, yaani kiongozi aliyetangulia mbele ya wapagazi, akatoa ubeti nao wakaitikia, huku kila mmoja akiwa amebeba mzigo wa takriban frasila mbili, ambazo ni kama kilo 32. Tungo zao ziliwataja wakubwa wa safari, chakula na nyumbani walikokuacha. Katika njia hiyohiyo ulikua utani, uhusiano wa kabila na kabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, uliompa mgeni haki ya kutaniana na mwenyeji na kumwomba, na uliomlazimu mwenyeji kumzika mtani wake aliyefia ugenini.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, biashara ya wapagazi ilififia, lakini ufundi wa kutunga haukufa, kwani ulikuwa umekwisha kujengeka vijijini kwa manju, ambaye kwa Wanyamwezi na Wasukuma ni mtunzi na kiongozi wa ngoma anayejulikana kwa jina lake na kwa kundi lake, na anayeshindana na manju wengine mbele ya umati. Jambo la kuangaliwa kwa makini hapa ni desturi ya kutunza, ambayo wanaochunguza fasihi simulizi huipita haraka mno. Mtazamaji aliyeguswa na ubeti huingia uwanjani ngoma ikiendelea, akamkabidhi manju fedha au kitambaa, na manju humtaja mbele ya watu wote, naye jirani yake aliyesikia jina hilo likisifiwa huona vigumu kubaki ameketi. Utoaji huo unafanyika hadharani, ndani ya wimbo wenyewe, na kila mtoaji huwa sehemu ya utungo unaoendelea. Mwombaji wa kawaida hunyoosha mkono akisubiri huruma, ilhali manju amekwisha kutoa kitu kabla ya kupokea, na kwa sababu hiyo anayemtunza hulipa deni la heshima, wala pande zote mbili haziondoki zikiwa zimedhalilika.

Chombo cha namna hiyo kingeweza kuelekezwa kwenye shughuli yoyote ya umma. Mzee Mwinamila, manju mashuhuri wa Tabora na kiongozi wa kikundi cha Hiari ya Moyo, aliutumia usanii wake kuitetea TANU, chama ambacho mwaka 1958 kilifanya katika mji huohuo mkutano wake maarufu wa kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala aliieneza ngonjera, yaani shairi la majibizano kati ya wahusika wawili au zaidi, nayo ikazoeleka katika shule na hadhara nchini kote. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, vilivyowaondoa maelfu ya watu makwao na kuwafanya wananchi wa mikoa ya mbali watoe ng'ombe, vyakula na fedha, navyo viliimbwa na bendi redioni na kutungiwa utenzi na Henry Muhanika.

Hata hivyo, mfano mzito kuliko yote katika mkoa wa Tabora unatoka Ulyankulu. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji makubwa yaliyoanza nchini mwao mwezi Aprili mwaka huo, yakasimamiwa na serikali ya Tanzania pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la Kikristo la TCRS. Wakimbizi waligawiwa ardhi ya kufyeka na kulima kandokando ya barabara zilizopewa namba, na idadi yao ilipozidi uwezo wa ardhi na maji, wengi walihamishiwa Mishamo kuanzia mwaka 1978. Kutoka kwenye barabara mojawapo kati ya hizo ilitokea kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13, ambayo kanda zake za kaseti zilienea nchini na kuwafariji hata Watanzania ambao hawajawahi kukanyaga Tabora.

Umuhimu wa kwaya hiyo unaonekana vizuri ikilinganishwa na yaliyotokea Ulaya na Marekani miaka ya 1984 na 1985, ambapo wanamuziki mashuhuri waliimba kuichangia Ethiopia yenye njaa, wakakusanya mamilioni ya dola, lakini wenye njaa wenyewe hawakusikika wakiimba. Ulyankulu waliokumbwa na maafa ndio waliotunga, na walitunga kwa Kiswahili, lugha ya wenyeji wao, kwa hiyo aliyenunua kaseti yao au kutoa ahadi kwenye uzinduzi, ile hafla ya kanisani ambapo mgeni rasmi huanza kutoa naye mshereheshaji hutangaza kila jina na kiasi chake, alifanya kile kile kilichofanywa na aliyeingia uwanjani kumtunza manju. Msaada wa mashirika ulikuwa mkubwa zaidi kwa fedha, na bila huo watu wangekufa, lakini ulimtambua mkimbizi kama mpokeaji tu. Serikali ilipokamilisha mwaka 2014 kuwapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 wa kundi la mwaka 1972, wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, kwaya ya Barabara ya 13 ilikuwa imekwisha kuhesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa kwaya za Tanzania.