Historia ya Matiti ya Kupandikizwa: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukubali Kisu

Ikiwa unachuma majani chai au unamenya ndizi za mchana, endelea na kazi yako, lakini tega sikio.

Leo tunazungumza juu ya upasuaji wa kuongeza matiti. Labda unasema, "Hayo ni ya watu wa sinema, si ya kwetu." Ngoja kwanza. Binti yako ana simu, na kila siku anaona picha za wanawake waliotengenezwa vifua. Wewe mwenyewe umenyonyesha watoto wanne au watano, matiti yamelala, na huenda umewahi kusikia neno la kuumiza kutoka kwa mtu wa nyumbani mwako. Tena kuna wanaouza mafuta na vidonge vya "kukuza kifua" sokoni na mitandaoni. Jambo hili limefika kwetu. Afadhali tulijue kabla halijatukuta.

Neno moja kwanza, tusichanganyikiwe. Unaposikia "kipandikizi" kliniki, mara nyingi ni kile kijiti kidogo cha kupanga uzazi kinachowekwa mkononi. Hicho si tunachozungumzia leo. Kipandikizi cha titi ni mfuko laini wa silikoni unaowekwa ndani ya kifua kwa kupasua. Ndani yake kuna maji ya chumvi au silikoni nzito kama uji mzito.

Mfuko huo ulitoka wapi? Tuanze na historia, kwa sababu ndani yake mna funzo.

Mwaka 1895, huko Heidelberg, Ujerumani, daktari Vincenz Czerny alimtoa mwanamke uvimbe kwenye titi. Ili titi lisibaki na shimo, alichukua uvimbe wa mafuta usio na madhara uliokuwa mgongoni mwa mama huyo huyo, akaujazia pale. Utaona kwamba kazi hiyo ilianza kwa kumsaidia mgonjwa.

Miaka michache baadaye, mwaka 1899, daktari Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga parafini mwilini. Simaanishi mafuta ya taa, bali nta ya jamii ile ya mishumaa. Wengine wakaiga, wakaidunga kwenye matiti ya wanawake. Mwanzoni watu walifurahi. Baada ya muda nta ikaganda kuwa mabonge magumu, ikahama mahali pake, ngozi ikatoboka vidonda. Wanawake wengine walipoteza matiti yaleyale waliyotaka kuyapendezesha.

Je, watu walikoma? La. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, nchini Japani na baadaye Marekani, walianza kudunga silikoni ya majimaji moja kwa moja ndani ya titi. Yale ya nta yakarudi: mabonge, maumivu, vidonda. Katika miaka ya 1970 jimbo la Nevada, Marekani, lilipiga marufuku sindano hizo. Kumbuka jambo hili vizuri, mama, kwa sababu hata leo wapo wanaodunga vitu kama hivyo vyumbani na saluni. Mfuko unaweza kutolewa. Kitu kilichodungwa ovyo kikasambaa ndani ya nyama, kukitoa chote ni kazi ngumu mno.

Sasa tufike mwaka 1962, mjini Houston, Texas. Madaktari wawili, Thomas Cronin na Frank Gerow, walikuwa wamebuni mfuko wa silikoni. Inasemekana Gerow alipata wazo hilo aliposhika mfuko wa plastiki wenye damu, akaona ulivyo laini mkononi. Waliujaribu kwanza kwa mbwa. Kisha wakampata mwanamke aitwaye Timmie Jean Lindsey, mama wa watoto sita. Mama huyu hakwenda hospitali kutafuta matiti. Alikwenda kuondolewa michoro aliyokuwa amechorwa kifuani. Madaktari ndio waliomwuliza kama angekubali mifuko ile. Yeye alichotaka zaidi ni kurekebishiwa masikio, nao wakakubali kumfanyia hayo pia. Hivyo ndivyo mama wa watoto sita alivyokuwa mwanamke wa kwanza duniani kupata vipandikizi vya silikoni. Miaka 50 baadaye bado alikuwa navyo.

Jiulize: siku ile, nani angemwambia mifuko ile itafanya nini mwilini baada ya miaka 10 au 20? Hakuna aliyejua. Ilianza kuuzwa, ikaenea, na ni mwaka 1976 tu Marekani ilipotunga sheria ya kusimamia vifaa vya aina hiyo. Hata hapo, iliyokuwa sokoni tayari iliruhusiwa kuendelea kuuzwa. Ikapita miaka 30 tangu mama yule apasuliwe kabla ya serikali kusema basi. Mwaka 1992, Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilisimamisha mifuko ya silikoni kwa wanaotaka urembo tu, kwa kuwa watengenezaji hawakuwa wameonyesha ushahidi wa kutosha kwamba ni salama. Maelfu ya wanawake walikwenda mahakamani. Mwaka 1995 kampuni kubwa ya Dow Corning iliomba kinga ya kufilisika.

Uchunguzi uliendelea. Mwaka 1999 jopo la wataalamu wa Marekani lilisema halikuona ushahidi kwamba mifuko hiyo huleta magonjwa ya mwili mzima kama ilivyohofiwa. Lakini lilisema pia kwamba matatizo ya pale pale kifuani ni ya kweli na ni mengi: mfuko kupasuka, titi kuwa gumu, na kurudi kupasuliwa tena. Mwaka 2006 mifuko ya silikoni ikaruhusiwa tena kule, kwa masharti. Moja lilikuwa kwamba anayeitaka kwa urembo awe ametimiza miaka 22.

Je, mambo yakatulia? Hapana. Mwaka 2010 serikali ya Ufaransa iligundua kwamba kampuni iitwayo Poly Implant Prothèse ilikuwa ikijaza mifuko yake silikoni ya viwandani, ambayo haikuidhinishwa kuwekwa ndani ya mwili wa binadamu. Mifuko hiyo ilikuwa imeuzwa nchi nyingi. Nchini Ufaransa pekee wanawake wapatao 30,000 walikuwa nayo. Mwaka 2013 mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Lakini hukumu haikuwatoa wanawake mifuko vifuani. Wengi walilazimika kurudi chini ya kisu.

Kisha likaja jingine. Mwaka 2011 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya saratani adimu ya chembe za kinga inayoota kando ya kipandikizi. Si saratani ya titi lenyewe. Huonekana zaidi kwa mifuko yenye ngozi ya kukwaruza, na mara nyingi huanza kwa titi kuvimba miaka kadhaa baada ya upasuaji. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa mifuko yake ya aina hiyo sokoni duniani kote. Mwaka 2021 Marekani iliamuru kila kipandikizi kiuzwe na onyo kali kabisa, na mgonjwa asomewe orodha ya hatari kabla ya kukubali.

Umeona mkondo wake, mama? Kutoka nta hadi leo, muuzaji hufika kwanza na habari za madhara hufika nyuma. Katikati ya hao wawili amelala mwanamke mezani.

Lakini tusiseme kwamba kila upasuaji wa kurekebisha maumbile ni mbaya. Hapa kwetu Afrika Mashariki, kazi hiyo ina historia njema. Mwaka 1957 madaktari watatu wa fani hiyo, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya Madaktari wa Ndege, ambayo leo ni Amref. McIndoe alikuwa amejulikana kwa kuwatengeneza upya marubani walioungua wakati wa vita. Ujuzi huo huo ndio unaomsaidia mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto, au aliyezaliwa na mdomo uliopasuka. Na mwanamke aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani anaweza kutengenezewa jingine, kwa mfuko au kwa nyama ya mwili wake mwenyewe. Mama huyo usimcheke wala usimnong'one. Anatafuta kurudi kuwa mzima.

Sasa, kama wewe au binti yako anafikiria upasuaji huu kwa sababu ya umbo, haya ndiyo ya kujua kabla.

Kwanza, mfuko si wa maisha. Kadiri unavyokaa nao ndivyo hatari inavyozidi. Marekani imeonekana kwamba hadi mwanamke 1 kati ya 5 waliouweka kwa urembo huondolewa ndani ya miaka 8 hadi 10. Kwa hiyo usihesabu gharama ya upasuaji mmoja. Hesabu na wa pili, pamoja na nauli, na siku ambazo hutaweza kubeba mtoto, mtungi wala kikapu cha chai.

Pili, mwili hujenga kovu kuuzunguka mfuko. Kovu hilo likikaza, titi huwa gumu na huuma. Na kama ngozi yako hufanya makovu makubwa yaliyovimba, mweleze daktari mapema.

Tatu, mfuko wa maji ya chumvi ukipasuka, titi hunywea ukaona. Wa silikoni unaweza kupasuka kimya kimya. Ndiyo maana hushauriwa kupigwa picha miaka 5 au 6 baada ya kuwekwa, kisha kila miaka 2 au 3. Uliza: picha hizo nitazipigia wapi, na kwa pesa gani?

Nne, kunyonyesha. Wanawake wengi wenye mifuko hunyonyesha, lakini wengine hupata maziwa machache au hukosa kabisa, hasa waliokatwa kuzunguka chuchu. Mimba na kunyonyesha pia hubadilisha umbo la titi hata likiwa na mfuko. Kwa hiyo kama bado unataka mtoto, si vibaya kungoja.

Tano, mfuko unaweza kuficha sehemu ya titi wakati wa kupigwa picha ya kutafuta saratani. Mwambie anayekupiga picha kwamba unao, ili apige kwa namna nyingine zaidi.

Sita, na hili ni zito: ni nani anayeshika kisu? Sisi wa Kisii na Nyamira tunajua hatari ya mtu kuja nyumbani na koti jeupe na sindano ya ganzi. Wasichana wetu wamekeketwa na watu wenye mafunzo ya uuguzi, wazazi wakiambiwa kwamba kwa kuwa ni muuguzi, basi ni salama. Haikuwa salama, na tangu sheria ya mwaka 2011 ni kosa la jinai hata likifanywa na daktari. Koti jeupe haligeuzi jambo baya kuwa jema. Mwaka 2024 jijini Nairobi, mwanamke alifariki baada ya upasuaji wa urembo, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya likaamuru kliniki ile ifungwe. Baraza hilo lina orodha ya madaktari na hospitali zilizosajiliwa, na unaweza kuitazama kwenye mtandao. Usione haya kuuliza: Wewe ni daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile? Nani atanipa dawa ya usingizi? Nikizidiwa usiku, kuna chumba cha wagonjwa mahututi? Mfuko huu ni wa kampuni gani, na nitapewa kadi yenye namba yake? Daktari mzuri hukasirishwi na maswali. Akikuharakisha, au akikuambia bei itapanda kesho, chukua mkoba wako uende nyumbani.

Na ukiwa tayari una mfuko, usiingiwe na hofu. Wengi hukaa bila shida. Lakini titi likivimba, likiuma, likibadilika umbo au ukipapasa uvimbe, nenda hospitali. Usingoje.

Mwisho, mama, tunza neno lako nyumbani. Msichana wa miaka 15 bado anakua, na matiti yake hayajamaliza kujijenga. Akisikia nyanya yake akimcheka kifua, atatafuta dawa kwa mtu asiyemjua. Mwambie matiti ya wanawake wa ukoo wenu hayafanani, na kwamba moja kuwa kubwa kidogo kuliko jingine ni kawaida. Na wewe ambaye matiti yako yamelala, kumbuka yamelala kwa sababu yalifanya kazi. Wanaopita hapo uani wakikimbizana ndio ushahidi.

Uamuzi ni wako. Mwili ni wako. Tunachoomba ni uamue ukiwa umejua, wala si kwa kusukumwa na mume, rafiki au picha ya simu. Kwaheri kwa leo, hadi mazungumzo yajayo.

Maswali ya kuzungumzia kwenye chama au kikundi:

1. Kwa nini madhara ya nta, ya silikoni ya majimaji na ya mifuko yalijulikana baada ya wanawake wengi kuwekewa tayari?
2. Binti yako akikuambia anataka kuongeza matiti, utamwuliza nini kabla ya kumkataza?
3. Taja maswali manne ya kumwuliza daktari kabla ya kukubali kupasuliwa.