Kuku na Wafo: Nani Alipika, Nani Aliketi?

Kuna stori moja kila mtu anapenda kusimulia kuhusu kuku na wafo. Inaenda hivi: Harlem, New York, mwaka wa 1938. Jamaa anaitwa Joseph Wells anafungua mkahawa. Wanamuziki wa jazi wanamaliza shoo usiku wa manane, wanaingia na njaa. Saa ya chakula cha jioni imepita, ya chakula cha asubuhi bado. Basi kuku wa jana jioni anawekwa juu ya wafo ya asubuhi, shira inamwagwa juu, na hapo chakula kinazaliwa.

Stori tamu sana. Shida yake ni kalenda. Mwaka wa 1935, miaka mitatu kabla ya Wells kufungua mlango, mpiga tarumbeta Bunny Berigan alikuwa tayari amerekodi kibao kinachoitwa "Chicken and Waffles". Na hakuna mtu hupatia kibao jina la chakula ambacho bado hakijapikwa.

Mimi chuo sikumaliza, na historia haikuwa hata kozi yangu. Lakini kulinganisha miaka miwili hakuhitaji digrii. Na ukishaona hiyo stori imeanza kwa kuchelewa, swali linalofuata ni: mwanzo wenyewe uko wapi, na ni akina nani wametolewa kwenye picha?

Tuanze na wafo, ule mkate wa vyumba-vyumba unaochomwa katikati ya vyuma viwili. Ulifika Amerika na Waholanzi katika karne ya 17, wakati New York ilikuwa bado inaitwa New Amsterdam. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka wa 1788, Thomas Jefferson, ambaye angekuja kuwa rais wa Marekani, alipita Amsterdam na kununua vyuma vya kuchomea wafo. Hapo ndipo vitabu vingi husimama: Jefferson alipenda wafo, wah, jamaa alikuwa na ladha.

Sasa shika hapo. Jefferson hakuwa anapika. Mwaka wa 1784 alikuwa amemchukua kijana anaitwa James Hemings, mtumwa wake, akaenda naye Paris akafunzwe upishi wa Kifaransa. Hemings akawa mpishi mkuu wa nyumba yake. Alipotaka uhuru, Jefferson alimwekea sharti: kwanza umfundishe mtu mwingine kazi yako. Hemings akamfundisha ndugu yake, Peter. Mwaka wa 1796 James akaachiliwa, na Peter akabaki jikoni, bado mtumwa. Fikiria hiyo bei. Unalipia uhuru wako kwa kumkabidhi ndugu yako mwiko.

Na wafo ya enzi hizo haikuwa kazi ya kubonyeza swichi. Chuma kilikuwa kizito, chenye mikono mirefu, kinashikiliwa juu ya moto na kugeuzwa kwa mkono. Mayai yalipigwa kwa mkono mpaka yajae hewa. Ndiyo maana ilikuwa chakula cha wageni na siku kubwa. Anayekula anaona mapambo. Anayepika anaona moto na jasho.

Upande wa kuku una stori yake. Mwaka wa 1692, koloni la Virginia lilipitisha sheria ya kuwanyang'anya watumwa farasi, ng'ombe na nguruwe wao. Kuku hawakutajwa. Kwa hivyo kuku akawa mali ndogo ambayo mtu asiyemiliki hata mwili wake angeweza kufuga nyuma ya kibanda. Na hawakuwa wanafuga tu, waliuza. Kule Monticello, shamba la Jefferson, mjukuu wake Anne Cary Randolph aliandika hesabu za nyumbani kati ya 1805 na 1808, na ndani yake utapata familia ikinunua kuku na mayai kutoka kwa watu ambao familia hiyo hiyo inawamiliki. Soma hiyo sentensi tena, polepole.

Halafu mwaka wa 1824 kikatoka kitabu cha mapishi cha Mary Randolph, The Virginia House-Wife, chenye moja ya maelekezo ya zamani zaidi ya Marekani ya kukaanga kuku kwenye mafuta. Mary alikuwa shemeji wa binti ya Jefferson. Yaani ni jamaa wale wale, majiko yale yale. Jina kwenye jalada ni moja. Mikono iliyosimama motoni ilikuwa mingi.

Nisiwadanganye: kuku na wafo haina mwanzo mmoja. Wajerumani wa Pennsylvania wana yao, ambayo kuku huchemshwa, akachambuliwa na kumwagwa juu ya wafo pamoja na mchuzi mzito. Haina shira, haina kukaanga. Lakini ile tunayoijua sisi, yenye kuku wa kukaanga na utamu juu, imepitia mikono ya watu weusi wa kusini mwa Marekani. Na kwa muda mrefu walikuwa wanaipika tu, meza ni ya wengine.

Kilichobadilika baada ya utumwa kuisha mwaka wa 1865 ni nani anapata pesa. Kule Gordonsville, Virginia, treni zilikuwa hazina behewa la chakula. Wanawake weusi wakabeba sinia za kuku wa kukaanga kichwani, wakasimama kando ya reli na kuwauzia abiria kupitia madirishani. Ukishawahi kusafiri na basi la usiku ukaona akina mama wakikimbilia dirisha na mahindi na ndizi, hiyo picha unaijua. Tofauti ni kwamba hawa walikuwa kizazi cha kwanza kuuza wakiwa huru. Mwanahistoria Psyche Williams-Forson aliwaandikia kitabu mwaka wa 2006, na jina lake, Building Houses out of Chicken Legs, ndilo jibu lenyewe: mapaja ya kuku yaliwajengea nyumba.

Kisha watu wakahama. Kati ya takriban 1910 na 1970, Waamerika weusi karibu milioni 6 walitoka kusini wakaenda miji kama Chicago, Detroit na New York, wakikimbia ubaguzi na kutafuta kazi. Walibeba mapishi. Sasa hapo ndipo Wells anaingia, na hapo ndipo anastahili heshima yake. Hakuvumbua chakula. Alifanya kitu ambacho kwangu ni kikubwa zaidi: aliweka meza. Watu ambao bibi zao walipika wafo kwa ajili ya wengine sasa waliingia mkahawani usiku, wakaketi, wakaletewa.

Kutoka Harlem ikasafiri hadi upande wa pili wa nchi. Mwaka wa 1975, Herb Hudson, mzaliwa wa Harlem, alifungua Roscoe's kule Los Angeles. Mwaka wa 2011, Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo, alisimama hapo akiwa rais, akaagiza kuku na wafo. Kutoka rais mwenye watumwa jikoni hadi rais mweusi kwenye foleni ya kuagiza. Hiyo safari yote iko kwenye sahani moja.

Najua kuna mtu anasema: sawa, lakini kuku na sukari, kweli? Buda, umekula mahamri na mbaazi? Mahamri yana sukari na iliki, mbaazi zina chumvi na tui la nazi, na hakuna mtu Mombasa huwa anaomba msamaha. Ulimi wetu unajua huu mchezo kitambo.

Na kuna kitu kingine tunakijua, ambacho hatupendi kusema. Kenya ya walowezi ilikuwa na majiko yake. Mpishi Mwafrika mwenye kipande alipika keki ambazo hakuketi kuzila. Walowezi walienda, lakini vile vyumba vya nyuma tunaviita SQ hadi leo, na bado kuna nyumba nyingi Nairobi ambapo dada anapika chapati thelathini, anapakulia kila mtu, halafu anakula amesimama jikoni. Hiyo si historia ya Marekani. Hiyo ni Jumapili ya juzi.

Kwa hivyo ukitaka kupika hii kitu nyumbani kama chakula cha jioni, pika, lakini pika ukijua. Kuku, mapaja hasa, mlaze usiku kucha kwenye maziwa mala yenye chumvi, kitunguu saumu na pilipili. Wamarekani hutumia maziwa yao ya mgando, na mala inafanya kazi hiyo hiyo: ule uchachu unalainisha nyama. Mgaragaze kwenye unga wa ngano uliochanganywa na pilipili manga na unga kidogo wa mahindi, kisha kaanga kwa moto wa wastani mpaka mfupani kusiwe na damu. Wafo ni unga, mayai, maziwa, siagi iliyoyeyushwa, hamira ya unga na sukari kidogo tu, kwa sababu utamu unakuja juu. Shira ya utomvu wa mti, ile ya Wakanada, ni bei. Asali yetu inatosha. Ipashe moto kidogo na pilipili iliyokatwa.

Sasa shida moja ya wafo: inalegea haraka. Ukizipanga moja juu ya nyingine, mvuke unazigeuza sponji. Zinaliwa zikitoka motoni, na kwa sababu hiyo anayezichoma huwa hali na wenzake. Ilikuwa hivyo Virginia, na ni hivyo South B. Dawa yake ni rahisi: kama una oveni, iwashe moto wa chini kabisa, zitandaze kwenye waya bila kugusana, zitakaa kavu mpaka zote ziishe. Kama huna, sogeza mashine karibu na meza mchome kwa zamu.

Vyovyote vile, kiti cha mpishi kiwekwe kabla ya sahani kutolewa. Na kama aliyepika ni dada wa kazi, kiti ni chake, na kipande cha paja ni chake pia.