Bizari za Nyumbani katika Old Kampala

Zinapoandikwa tarehe za kilima cha Old Kampala, hutajwa kwanza Kapteni Lugard, aliyepiga kambi yake hapo mwezi wa Desemba 1890. Kisha ngome yake, askari wa Kisudani aliowaleta, vita vya mwaka 1892, na mwishowe msikiti mkubwa uliojengwa hapo. Jiko halitajwi, ilhali hakuna Idi wala harusi ya Waislamu wa mji huu isiyonukia pilau, na harufu hiyo nayo ina tarehe yake.

Sheikh Ahmad bin Ibrahim alifika katika baraza ya Kabaka Suna mwaka 1844. Njia ya misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora na Karagwe, nayo ilichukua miezi. Kila kitu kilipanda kwa kichwa au bega la mpagazi, na aliyelipa wapagazi alitaka kwanza nguo, shanga na bunduki. Karafuu zilikuwa za karibu, maana Unguja na Pemba zilikwisha kuwa na mashamba yake; lakini pilipili manga na iliki zilitoka Malabari, na mdalasini Ceylon, zikivuka bahari kwa majahazi ya kaskazi. Basi kupika chakula cha viungo bara ilikuwa ni jambo la mwenye mali.

Reli iliyaondoa hayo. Ilianzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani, Kisumu, mwaka 1901, na kutoka huko mizigo ilivuka kwa meli. Alidina Visram, mzaliwa wa Kachi aliyeanzia biashara yake Bagamoyo, alikuwa na maduka mengi Uganda hata alipofariki mwaka 1916, na wengine wakamfuata. Serikali ilipohamia Nakasero, kilima kikaitwa Old Kampala; lakini wenye maduka hawakukihama, na mke wa fundi au wa askari akaweza kununua pilipili manga ya senti chache.

Hapo ndipo ilipozuka haja ya kutwanga nyumbani. Kiungo kizima hakifichi aibu yake, kilichosagwa huificha. Mbegu za papai zilizokauka hufanana na pilipili manga, wala zikisagwa pamoja hazitambulikani kwa macho. Karafuu iliyokwisha kukamuliwa mafuta hubaki na sura ya karafuu. Lakini iliyo nzima ikibonyezwa kwa ukucha hutoa mafuta, na ile nyingine hukauka tu kama kijiti. Mdalasini wa kweli una magome membamba yaliyojikunja mojamoja kama karatasi, na ule wa bandia una gome moja nene, gumu. Mwenye kuchanganya takataka katika bidhaa ni ndugu yake mwenye kupunja mizani, na dawa yake ilikuwa kinu na mchi.

Kazi yenyewe si ngumu, ila yataka subira. Bizari nyembamba na giligilani hukaangwa kavu, kila moja peke yake, juu ya moto mdogo wa makaa, mpaka harufu ipande. Zikiungua huwa chungu, na hakuna njia ya kuzirudisha. Iliki na karafuu huonyeshwa moto kidogo tu. Vikishapoa hutwangwa, huchekechwa, na kutiwa katika chupa iliyofungwa vizuri, mbali na jua. Kwa pilau, bizari nyembamba huzidi zote, na karafuu huwa chache, kwani huwa na tabia ya kutawala. Kwa nyama ya kuchoma, unga huo hukandwa na kitunguu saumu, tangawizi mbichi, chumvi na ndimu, kisha nyama husuguliwa nao na kuachwa saa kadhaa. Wagujarati hupenda giligilani nyingi; watu wa pwani hawaitumii kwa wingi huo. Waganda, ambao luombo lao hupikwa ndani ya majani ya migomba bila ya viungo hivi, waliipokea pilau pamoja na dini, wakaifanya chakula cha karamu.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuondolewa kwa Waasia, wakapewa siku 90. Maduka yalipewa watu wengine. Baada ya muda sukari, chumvi na sabuni zikawa vitu vya magendo, sembuse iliki. Aliyezoea unga uliochanganywa dukani alipoteza kiungo na hesabu yake kwa pamoja. Aliyefunzwa na mama yake kutwanga alipika kwa kilichopatikana, akijua ni kipi kinachoweza kushika nafasi ya kingine. Na waliotoka walikuwa vivyo hivyo: mali waliiacha, lakini vipimo vya mkono havikukaguliwa na forodha. Maelfu walikwenda Leicester, mji ambao baraza lake lilikuwa limetangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwa wasiende huko.

Siku hizi viungo huja kwa malori kupitia Malaba na Busia, na masala ya pilau huuzwa tayari katika vipakiti. Hata hivyo wapo wanaotwanga bado, hasa Idi inapokaribia. Katika nyumba zao kinu cha bizari huwekwa mbali na kile cha karanga, wala watoto hawaruhusiwi kuvibadilisha.