Utambuzi wa machimbo ya zamani kutoka angani

Utambuzi wa machimbo ya zamani kutoka angani ni kazi ya kutafuta mashimo yaliyoachwa baada ya kuchimbwa mawe, kokoto, mchanga au moramu, kwa kutumia picha zilizopigwa na ndege, droni au satelaiti. Matokeo yake hutumiwa na wapimaji wa ardhi, wanajiolojia, wanaakiolojia na wataalamu wa afya ya jamii, kwa kuwa mengi ya mashimo hayo hayakuwahi kuingizwa katika ramani.

Mazingira ya Mwanza

Jiji la Mwanza, kusini mwa Ziwa Viktoria, limezungukwa na vilima vya graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Jiwe linalojulikana zaidi ni Bismarck Rock, lililo majini karibu na kivuko cha Kamanga. Wachimbaji wadogo hupasua graniti kwa nyundo, tindo na mtaimbo. Mara nyingi jiwe kubwa huwashiwa moto kwanza ili lipate nyufa, kisha vipande hupondwa kuwa kokoto. Uchimbaji wa namna hii huacha mashimo madogo yaliyotawanyika, tofauti na shimo moja kubwa la kiwanda.

Mji umepanuka hadi kwenye vilima hivyo. Katika kata kama Buzuruga, Wilaya ya Ilemela, kando ya barabara iendayo Musoma, nyumba zimebanana na si rahisi kujua ardhi ilitumikaje hapo awali. Shimo likifukiwa kwa takataka na kifusi, mpita njia haoni kitu. Nyumba ikijengwa juu yake, udongo hutitia na kuta hupasuka. Kwa hiyo picha iliyopigwa kabla ya ujenzi huwa na thamani kubwa kuliko ya leo, hata kama haina ubora sana.

Jiwe au shimo?

Ugumu wa Mwanza ni kwamba jiwe kubwa na shimo hufanana sana yakitazamwa kutoka juu: yote mawili ni doa la kijivu lenye upande mmoja mweusi. Kinachoyatenganisha ni mahali pa kivuli. Satelaiti nyingi za kupiga picha za ardhi hupita asubuhi, takriban saa 5 na dakika kadhaa kwa saa za Mwanza, jua likiwa bado mashariki. Kivuli cha jiwe huanguka nje yake, upande wa magharibi. Kivuli cha shimo hukaa ndani, chini ya ukingo wa mashariki.

Mwezi Juni jua huwa kaskazini na kivuli huelekea kusini-magharibi. Desemba huelekea kaskazini-magharibi. Picha za Desemba hudanganya zaidi, kwani jicho la binadamu limezoea mwanga utokao juu, hivyo shimo huonekana kama kichuguu. Kuigeuza picha juu chini huondoa hitilafu hiyo.

Hata hivyo kivuli cha saa hiyo ni kifupi. Shimo la kina cha mita 5 hutoa kivuli kisichofika mita 4, wakati nukta moja ya picha ya Sentinel-2 ni mita 10 na ya Landsat ni mita 30. Picha hizo za bure zinafaa kwa machimbo makubwa tu. Kwa mashimo ya wachimbaji wadogo huhitajika picha kali zaidi, au droni iliyorushwa mapema asubuhi kwa kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Dalili nyingine

Njia ni shahidi mzuri: barabara ya lori inayoishia ghafla mlimani, bila nyumba wala shamba, kwa kawaida iliishia kwenye machimbo. Machimbo ya mlimani huwa na umbo la kwato, upande wazi ukitazama bondeni, na marundo ya kifusi mbele yake. Mashimo ya moramu ni mapana, mekundu na yana kina kidogo. Hupatikana kando ya barabara kuu kwa sababu wajenzi hawapendi kusafirisha udongo mbali. Lambo la mifugo hutofautishwa na tuta lake linalokata kijito. Korongo la mmomonyoko hufuata maji na kuwa na matawi.

Graniti iliyokatwa karibuni ni nyeupe, na huzidi kuwa nyeusi kadiri miaka inavyopita. Shimo la zamani lenye udongo hushika unyevu, hivyo kati ya Juni na Septemba hubaki kijani wakati nyasi za jirani zimekauka. Umri hukadiriwa pia kwa kulinganisha picha: mfululizo wa Landsat ulianza 1972, na watu wote waliruhusiwa kuutumia bila malipo tangu 2008.

Mimea inaweza pia kuficha. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971. Sehemu yake sasa ni Haller Park, na kutoka juu inaonekana kama msitu.

Maji na afya

Mashimo yaliyojaa maji huzamisha watoto. Huzalisha pia mbu wa malaria na yanaweza kuwa makazi ya konokono wa kichocho, ugonjwa ulioenea kando ya Ziwa Viktoria. Katika picha ya mionzi ya infraredi maji huonekana meusi kabisa, hivyo picha ya Mei ikilinganishwa na ya Agosti huonyesha mashimo yasiyokauka kiangazi. Hayo ndiyo yanayofaa kutembelewa kwanza, na ziara hiyo ni lazima: picha haionyeshi kina cha maji, wala haisemi kama watoto huogelea hapo.